Kabla Hujauliza Bei, Jifunze Kulitazama Jiwe

Mbukwenyi wapendwa. Juzi kijana wa Mpwapwa amenitumia picha ya jiwe jekundu kiganjani, na ujumbe: "Shikamoo mama. Naomba uniangalizie, hii ni rubi? Gramu wananunua shilingi ngapi?"

Nimemwitikia marahaba, halafu nikamwambia ukweli: kwa picha hakuna mtu mkweli atakayekuthibitishia rubi. Namwelewa lakini. Tangu kijiji cha Winza, huko huko Mpwapwa, kijulikane kwa rubi miaka ile ya 2007 na 2008, kijana wa upande ule akiona chekundu kwenye mchanga lazima moyo umwende mbio. Ila kuna jiwe jingine, ganeti, nalo mara nyingi ni jekundu. Ganeti iliyokua vizuri hutoka duara lenye nyuso nyingi bapa, mara nyingi kumi na mbili. Rubi hujijenga kwa mpangilio wa pembe sita, na ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha 1 hadi 10, chini ya almasi tu. Nimemwambia aanzie hapo, bei itafuata.

Meseji za namna hii nazipata sana, na karibu zote zinaanza na bei. Inanisikitisha, kwa sababu najua ninyi mnaonisoma mnataka kuyajua mawe kama nilivyotaka mimi.

Mimi sikusomea jiolojia. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Nkuhungu, Dodoma. Kilichonivuta ni akina mama wanaopasua kokoto. Nilikuwa nikipita pale asubuhi naona jiwe lililopasuliwa likimetameta, nauliza ni nini, hakuna anayejua. Nikaanza kuokota. Nyumbani wakasema nimeanza mambo ya waganga.

Kisha nikayapeleka mawe yangu kwenye maonyesho fulani, nimeyafunga vizuri kwenye mfuko wa unga. Mtaalamu aliyekuwa bandani hakuyagusa hata kwa kidole. Akasema mbele ya watu, "Mama, hizi ni kokoto, kajengee." Watu wakacheka. Liliniuma, na mpaka leo nikilikumbuka linaniuma. Mtu amekuja kuuliza, unamrudisha na aibu! Leo wanafunzi wa sekondari wanakuja uani kwangu Jumamosi, na madalali kadhaa hunipitishia mawe kabla hawajatoa hela yao. Nalisema kwa fahari, nimelitolea jasho.

Na zile kokoto alizozidharau ndizo ninazowaanzishia wanafunzi wangu. Vilima vya Dodoma ni granaiti, mwamba uliopoa chini ya ardhi kutoka kwenye uji wa moto, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Chukua kokoto moja iliyopasuliwa karibuni, ioshe, toka nayo juani. Usiharakishe. Yale mabaka ya kijivu yanayong'aa kama chupa iliyovunjika, yasiyo na uso bapa, ni kwatzi. Sasa izungushe polepole: baka jeupe au la waridi linamulika ghafla, kisha linazimika. Hiyo ni feldspa. Inapasuka kwa nyuso bapa, ndiyo maana inamulika ukifikisha pembe fulani tu. Vile vijidoa vyeusi au vya fedha, vichokoe kwa ncha ya sindano, vitabanduka tabaka kwa tabaka. Huo ni ulanga. Hapo umeshayashika madini matatu, na umeelewa kwamba mwamba ni mkusanyiko wa madini. Fuwele nayo ni hali ya chembe kujipanga kwa utaratibu unaojirudia. Ikipata nafasi ya kukua, utaratibu huo unajitokeza nje kama nyuso na pembe.

Rangi usiiamini. Kwatzi inaweza kuwa nyeupe, ya moshi, ya waridi, au ya zambarau tunayoiita amethisto. Krisopresi ya Haneti, ile ya kijani inayopendwa nje ya nchi, ni jamii hiyo hiyo ya kwatzi. Ukijani umeletwa na nikeli.

Amini mkwaruzo. Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 aliyapanga madini kumi kwa ugumu, talki ikiwa 1 na almasi 10. Ukucha wako ni kama 2.5, kioo cha dirisha 5.5, kwatzi 7. Kwa hiyo kwatzi inakwaruza kioo, kalsaiti, madini laini yenye 3, haiwezi. Usikwaruze jiwe lililokwisha kukatwa, utaliharibu. Tafuta pia kigae, usugulie jiwe upande wa nyuma usiopakwa rangi. Dhahabu inaacha mstari wa njano. Pairaiti, inayofanana na dhahabu na kuwaliza watu wengi, inaacha mweusi wenye ukijani. Ukigonga nyundo, vaa miwani. Na kila jiwe liandikie lilikotoka siku ile ile, kwa sababu jiwe lisilo na mahali halikufundishi chochote. Ukikwama, GST, yaani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, makao yake yako hapa hapa Dodoma, wana makumbusho na maabara. Kuuza ni jambo jingine, kunataka leseni.

Wanaoniuliza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe: msivitafute kwenye granaiti, uji wa moto haukuhifadhi mifupa. Visukuku hukaa kwenye matope, mchanga na majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, kama Laetoli, penye nyayo za zamadamu za miaka milioni 3.6. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaisafirisha, na dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona apande ndege! Basi sisi wenyewe tusiendeleze mchezo huo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Ukikuta mfupa uliogeuka jiwe usiuchimbe, usiuuze, usimpe mgeni. Upige picha pale pale ulipo, weka kitu pembeni cha kuonyesha ukubwa, kisha katoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji.