Maswali Yenu: Kukodi Basi la Safari ya Kikundi

Tuko 31, basi lina viti 33

*Kwaya yetu inasafiri siku 4. Mwenye gari anasema basi lake la viti 33 linatutosha na nafasi inabaki. Mwenzetu mmoja anashikilia tuchukue kubwa zaidi. Nani yuko sahihi? — Katibu wa kwaya*

Mwenzenu. Mwenye gari amehesabu watu tu, mizigo hakuihesabu.

Kwanza ulizeni hiyo 33 imepatikanaje. Mara nyingi ndani yake mna kiti cha kondakta na, kwa mabasi madogo, viti vya kukunja vya kwenye ujia. Viti hivyo vina egemeo fupi, aghalabu havina mkanda, na abiria wa nyuma akitaka kushuka wote waliovikalia lazima wainuke. Safari ikizidi saa moja, msivihesabu kabisa. Watoto wadogo nao wahesabiwe kama watu wazima: gari likifunga breki ghafla, aliyempakata mtoto hawezi kumzuia.

Sasa mizigo. Begi la siku 4 huwa na kilo 12 hadi 15, kwa hiyo watu 31 wana kilo 370 hadi 465, kabla hamjapakia spika, kinanda na majoho. Basi kubwa la mita 12 lina buti chini ya sakafu, linameza yote hayo. Basi la ukubwa wa kati huwa na buti dogo la nyuma, au halina kabisa. Kisichoingia huishia kwenye ujia, mahali ambapo watu watapita mbio likitokea la kutokea, au hupandishwa juu ya paa. Mzigo wa paani hupandisha kitovu cha uzito wa gari, ndiyo maana gari lililotulia likiwa tupu huanza kulala kwenye kona. Weka juu vitu vyepesi tu, kama magodoro.

Kipimo chetu: kwa safari ya kulala, acheni kiti kimoja kitupu kwa kila watu 6. Kwenu nyinyi ni viti 36 au 37 halisi, bila vya kukunja. Au chukueni hilo la 33 na pikapu ya vyombo. Wakati mwingine hesabu hiyo hutoka nafuu.

Bei tatu, safari moja

*Tunakwenda kilomita 240, tunalala usiku mmoja, tunarudi. Bei ya juu tuliyopewa ni karibu mara mbili ya ile ya chini. Tunaibiwa? — Msimamizi wa safari ya ofisi*

Huenda hamuibiwi. Huenda kila mwenye gari amewapigia bei ya safari tofauti, kwa sababu "kwenda na kurudi" ni maneno mapana.

Gari likibaki nanyi, litatembea kilomita 480. Likiwashusha na kurudi tupu, kisha likaja kuwachukua kesho yake, ni kilomita 960, nusu yake bila abiria. Basi kubwa hunywa takriban lita 25 hadi 35 za dizeli kwa kilomita 100. Tukishika 30, safari ya kwanza ni lita 144, ya pili ni 288. Ongeza umbali kutoka gereji hadi mnapopandia: gari likilala kilomita 35 kutoka kwenu, hizo ni 70 zaidi kwa kuja na kurudi, na atakayezilipa ni nyinyi hata zisipotajwa.

Gari kubaki nako kuna gharama zake: chumba na chakula cha dereva, maegesho, na siku nzima ambayo gari halikuingiza kitu. Halafu kuna matembezi ya huko mwendako. Mkitaka basi liwapeleke huku na huko jioni, semeni mapema, la sivyo dereva atawaambia, tena kwa haki yake, kwamba hilo halikuwamo.

Bei ya chini sana ichunguzwe kabla ya kushangiliwa. Aghalabu ni ya gari na dereva tu, mafuta juu ya mteja. Hilo si kosa, ila mkikodi hivyo gari lipokelewe tanki likiwa limejaa na lirudishwe limejaa, na namba ya mita ya kilomita iandikwe mwanzo na mwisho.

Andikeni karatasi moja, mwatumie wote watatu ileile: tarehe, saa na mahali pa kupandia, vituo vya njiani, idadi ya watu, mizigo, kilomita za matembezi, gari linabaki au linarudi. Chini yake mwulize nani analipa mafuta, ushuru wa barabara, maegesho na malazi ya dereva, na saa ya ziada inatozwa kiasi gani. Hilo la saa ya ziada ndilo huzua ugomvi kuliko yote. Watu 50 wanaopita mlango mmoja hawashuki, kujisaidia na kurudi vitini chini ya nusu saa. Mkisimama mara nne, saa mbili zimekwenda.

Dereva mmoja, usiku kucha

*Tunaondoka saa 4 usiku, tunafika saa 12 asubuhi, tunahudhuria harusi na kugeuza saa 11 jioni. Mwenye gari anasema dereva wake amezoea, atalala mchana. — Kamati ya harusi*

Hesabuni: saa 8 kwenda, saa 8 kurudi. Ni saa 16 za usukani ndani ya saa 27, na katikati usingizi wa kwenye kiti cha basi, mchana, kwenye joto na muziki wa harusi. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa kulinganisha, zinamtaka dereva apumzike dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na kwa siku asizidi saa 9, au 10 mara mbili tu kwa wiki. Ratiba yenu inahitaji madereva wawili.

Hata wakiwa wawili, saa za hatari zibaki akilini. Mwili huvutwa na usingizi zaidi kati ya saa 8 usiku na alfajiri, na kidogo tena alasiri. Kuzoea hakuondoi hilo. Ulizeni pia swali ambalo wengi husahau: jana yake dereva huyo atakuwa wapi? Aliyerudi na kikundi kingine asubuhi anaanza safari yenu akiwa amechoka tayari. Sisi tungeondoka siku moja kabla, saa 12 asubuhi, tukalala huko.

Gari lililokuja silo la kwenye picha

*Tulionyeshwa basi jipya, likaja chakavu. Tufanyeje safari ijayo? — Mwalimu wa michezo*

Kwenye mkataba iandikwe namba ya gari, na kifungu kwamba likibadilishwa, mbadala uwe na viti na huduma zilezile au bora, na mjulishwe kabla ya siku ya safari. Bima nayo mwione kwa macho: iwe ya kubeba abiria kwa malipo. Bima ya matumizi binafsi huenda isilipe chochote ajali ikitokea.

Kisha mlikague jana yake, mchana, dakika 20 zinatosha. Anzeni na matairi. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake tarakimu 4: 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi huzeeka hata kama kashata zake bado nene, na nyufa ndogo ubavuni ndizo dalili. Nyuma kuna matairi pacha. Mulikeni tochi katikati. La ndani likiwa halina upepo, la nje hubeba uzito wote, hupata moto na kupasuka, na ukiwa umesimama kando hulioni.

Ndani, vuteni kila mkanda na kuufunga mpaka ulie. Mshale wa kizimamoto uwe kwenye kijani. Mlango wa dharura ufunguliwe mbele yenu kwa mkono. Mkikuta kufuli, hilo peke yake ni sababu ya kulikataa gari. Kwa basi la breki za upepo, mwambieni dereva ajaze upepo hadi mwisho na azime injini. Baada ya dakika chache mshale wa kipimo cha upepo ukiwa umeshuka waziwazi, kuna mvujo. Spea tairi na jeki viwepo, na jeki iwe ya kubeba basi. Ya teksi hailiinui.

Tuwatoze watu kiasi gani?

*Viti 50, waliojiandikisha 44. Tukigawa kwa 44 tutapata hasara? — Mweka hazina*

Karibu hakika. Bei ya basi haishuki watu wakipungua, na kujiandikisha si kulipa. Gaweni kwa 38. Bei ya basi ikiwa mafungu 1,900 (fungu ni kiasi chochote cha fedha), kila mtu anatoa 50. Wakija wote 44 mna 2,200, na zile 300 ni za maegesho na dharura, zikibaki zirudishwe. Arubuni msiitoe mfukoni mwenu kwa ahadi za watu: kusanyeni kwanza, ndipo mwilipe, mkipewa risiti yenye namba ya gari. Anayejitoa baada ya hapo harudishiwi, ila anaruhusiwa kuleta mtu wa kukaa kiti chake. Salio libaki kwenu mpaka gari likaguliwe.