Barua kwa mwanangu: kuhusu mzee wa Kabarak

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema umesoma sehemu ya mauaji ya Wagalla, kule Wajir, katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ukakosa usingizi. Kisha ukakumbuka Februari 2020, siku aliyozikwa Rais mstaafu Moi kwake Kabarak, nilivyoshinda mbele ya runinga, na ulipopita nyuma yangu ukanisikia nikisema, "Maskini, mzee wa watu." Sasa unauliza: "Mama, wewe uliyetulea kwa habari za Nyayo House, ulimsamehe lini?"

Sikumsamehe. Nianze hapo, usije ukaisoma barua yote ukitafuta mahali nilipolainika. Msamaha wa Wagalla si wangu kuutoa. Ni wa Wadegodia, ukoo wa Wasomali, waliokusanywa na wanajeshi kwenye kiwanja kile cha ndege mwaka 1984, wakavuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji, wengine wakapigwa risasi. Serikali iling'ang'ania miaka mingi kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wanataja mamia, hata maelfu. Na msamaha wa Nyayo House ni wa wale waliofungiwa na kuteswa gizani katika vyumba vyake vya chini, maji yamejaa sakafuni. Wewe pasipoti yako uliichukulia jumba hilohilo. Ulipanga foleni juu ya vyumba hivyo.

Wapo waliosamehe. Raila Odinga aliwekwa kizuizini miaka, mamake akafa mwaka 1984 yeye yuko ndani, na bado mwaka 2001 aliingia katika baraza la mawaziri la Moi. Hiyo ni hesabu yake na Mungu wake, na ya siasa pia, tusidanganyane. Hainilazimu mimi.

Lakini "maskini" nililisema, na sikuteleza ulimi.

Sisi wa Nakuru tulimjua Moi kabla hajashika rungu. Miaka ya sabini alikuwa Makamu wa Rais, lakini barabara ya kutoka huku kwenda Nairobi polisi walikuwa wakimsimamisha na kupekua gari lake kama la mlanguzi. Mwaka 1976 wakubwa wa siasa walizunguka na kampeni ya kubadilisha katiba, ili Rais Kenyatta akifa Makamu asikalie kiti hata zile siku 90 za kukaimu. Sokoni ilisimuliwa kwamba mkuu wa polisi wa mkoa aliwahi kumzaba kofi. Sikuliona hilo kofi, lakini hakuna aliyelishangaa, kwa jinsi walivyokuwa wakimtendea. Walimwita wingu la kupita. Naye alinyamaza, akaitikia, akasubiri. Nyumbani nako, mwaka 1974 alikuwa ametengana na Mama Lena. Kwa hiyo miaka yote 24 ya urais hukuwahi kumwona na mke kando yake. Mtoto wa Sacho, kule Baringo, aliyefiwa na babake akiwa mdogo mno, mchunga mifugo, halafu mwalimu. Mwalimu mwenzangu.

Alipoapishwa, tarehe 12 Desemba 1978 aliwafungulia wafungwa wote wa kisiasa, watu 26, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwemo. Tulishangilia kwa dhati. Usiamini anayekuambia tulilazimishwa. Mwaka uliofuata yakaja maziwa ya Nyayo, ya bure shuleni, katika zile pakiti za pembe tatu. Niliyagawa kwa mikono yangu. Kuna watoto hawakuwa na kingine cha kutia tumboni mpaka jioni, na baada ya maziwa ulikuwa unamwona aliyekuwa akisinzia ameinua kichwa. Siku hizi vijana wanayataja maziwa hayo kana kwamba yanafuta kitu. Yalilipiwa na kodi. Na mzee alifurahi kweli kuwaona watoto wakinywa. Yote mawili nayajua, na hakuna moja linalofuta jingine.

Watu hupenda kusema lile jaribio la mapinduzi ndilo lililomharibu, kwamba aliogopa akageuka. Angalia tarehe. Sheria ya chama kimoja ilipitishwa Juni 1982, na watu walikuwa wameanza tena kuwekwa vizuizini. Wanajeshi wa angani waliasi tarehe 1 Agosti. Woga uliongeza makali, lakini njia alikuwa ameshaishika.

Mwaka 1984 akatoa ile hotuba ya kasuku. Alisema alipokuwa chini ya Kenyatta aliimba Kenyatta tu, hakuwa na wimbo wake, na sasa ni zamu yetu kuuimba wake kama kasuku. Wengine walicheka. Mimi hotuba ile ilinikaa kifuani, kwa sababu alikuwa anaeleza alivyotendewa na kututangazia kwamba ndivyo atakavyotenda. Alijua ladha ya kupekuliwa barabarani. Alijua kuitikia "ndiyo mzee" huku roho inakuchoma. Ndiyo maana siwezi kumwita jini, mwanangu, kama wanavyomwita rafiki zako. Jini ningelidai nini?

Na kuna mahali huruma yangu hufika ikasimama. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park, bustani ya Nairobi, wakaanza kugoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Hawakuwa na silaha wala chama. Walitaka wana wao. Siku chache baadaye polisi wakawavamia kwa virungu na vitoa machozi, na baadhi ya wamama wale, wazee, wakavua nguo mbele ya askari. Unajua laana hiyo ina uzito gani kwetu. Hata hapo hawakusikilizwa. Walihamia kanisani All Saints, na ilifika mwaka 1993 kabla wengi wa wana wao kuachiliwa. Nimejaribu kukisoma kile kisa upande wa yule mtoto wa mjane wa Sacho. Nashindwa.

Tarehe 30 Desemba 2002 alimkabidhi Kibaki madaraka. Umati ulimzomea, wakamrushia tope. Alikuwa na miaka 78. Alisoma hotuba yake mpaka mwisho, hakuna aliyepigwa risasi, akaondoka kwenda Kabarak. Katiba ilimtaka aondoke, kwa hiyo simpi zawadi. Ila nilimwona uso, na siku ile ndipo lilinitoka mara ya kwanza: maskini.

Kilichoniudhi kwenye mazishi ni hotuba. Kutwa nzima ni baba wa taifa, mcha Mungu, mpenda watoto, na Wagalla hata kwa bahati mbaya haikutajwa nilikosikiliza mimi. Ningeweza kumlilia vizuri zaidi kama wangemzika pamoja na matendo yake.

Unauliza pia kama nitawahi kwenda Kabarak kuliona kaburi. Hapana, ingawa ni hapa karibu.

Wewe unafanya kazi Nairobi, karibu na Bunge. Machi 2015 Rais Uhuru aliomba radhi mle kwa niaba ya serikali, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Waliokuwa wakiungoja wameendelea kuzeeka, wengine wameshazikwa. Umeisoma ripoti, una miguu na una sauti. Kaulize huo mfuko umefika wapi, kisha uniandikie.

Mamako