Mizani Ikigoma Miaka Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huonekana kama mtu aliyemaliza kazi. Kilo zinapoacha kushuka, watu wanaanza: "Wewe si ulikatwa tumbo?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba jibu limenikaa kichwani, na ndiyo maana naandika hapa kwa walio kwenye hali hiyohiyo.

Sizungumzii ule mgomo wa wiki za mwanzo. Huo huja, huondoka, na mara nyingi ni suala la maji mwilini tu. Nazungumzia ule wa miezi na miezi, unaokukuta mwaka wa pili au wa tatu.

Kabla ya kubadilisha chochote, piga hesabu. Uzito hushuka kwa kasi zaidi ndani ya miezi 6 ya kwanza, kisha hupungua mwendo, na kwa wengi husimama kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Matokeo mazuri ya upasuaji wa aina hizi mbili zinazofanywa sana, yaani kukata sehemu kubwa ya tumbo au kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo, ni kupoteza karibu asilimia 25 hadi 30 ya uzito ulioanza nao. Aliyeanza na kilo 120 akifika 84 au 90, upasuaji umefanya kazi yake. Huenda hujakwama. Huenda umefika, ila ile namba uliyoiota haikuwa ya mwili wako. Neno hili halipendwi, lakini linaokoa watu wengi na mateso ya bure.

Kama hesabu inaonyesha bado kuna nafasi, jambo la kwanza ni kutopunguza chakula. Tayari unakula kidogo. Mwili mdogo unachoma kalori kidogo, na baada ya kupungua sana huchoma hata chini ya kile ambacho ukubwa wake ungedai. Ukijinyima zaidi, unakula misuli yako mwenyewe, na misuli ndiyo inayochoma. Kuna pia ule mtindo wa kurudia vinywaji vitupu kwa siku kadhaa eti kulirudisha tumbo udogo wake. Sina subira nao. Supu haipunguzi ukubwa wa tumbo. Unachopoteza ni maji, nayo yanarudi.

Swali langu kubwa ni hili: chakula chako kinakaa tumboni au kinapita? Nyama, samaki, mayai na maharage hukaa. Vipande vichache tu na umeshiba, wakati mwingine hadi kukera. Biskuti, krispi, aiskrimu, juisi na kahawa yenye maziwa na sukari huteleza. Vinalainika, vinashuka, nafasi inabaki wazi, na mtu anaweza kuvila mchana kutwa bila kushiba hata mara moja. Tumbo dogo linazuia sahani kubwa. Halizuii mkono unaokwenda kabatini kila baada ya nusu saa. Vivyo hivyo ukinywa maji huku unakula, au mara tu ukimaliza, shibe inakatika mapema. Ndiyo sababu tunaambiwa tusubiri kama dakika 30.

Niliweka daftari, lakini sikuandika kalori. Niliandika saa. Kila kilichoingia mdomoni kilipata saa yake, hata kijiko cha kuonja. Milo yangu mitatu ilikuwa safi kabisa. Ila kuanzia saa kumi jioni hadi kulala, ukurasa ulikuwa umejaa vitu vidogovidogo, vyote vya aina ile inayoteleza. Dawa yake haikuwa kujikaza. Niliweka mlo kamili hapo saa kumi, wenye mayai au samaki, na ile njaa ya jioni ikalegea.

Protini ina hesabu yake: wengi tunaelekezwa angalau gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina karibu 30. Anza nayo kwenye sahani, kisha mboga, wanga mwisho ukipata nafasi.

Kutembea ni kuzuri, endelea. Lakini kilichonibadilisha mimi ni kunyanyua vitu vizito. Mizani haikusogea kwa muda mrefu huku kiuno kikipungua, kwa hiyo nunua utepe wa fundi cherehani na uupe heshima kuliko mizani.

Kisha rudi kwa daktari, hata kama ulishaacha kliniki. Insulini, baadhi ya vidonge vya kisukari, baadhi ya dawa za sonona na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini) huweza kuzuia uzito kushuka au kuupandisha. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Uliza kama ipo mbadala. Omba wapime homoni za tezi ya shingo, chuma, vitamini B12 na vitamini D, maana mwenye upungufu wa damu hata ngazi zinamshinda, mazoezi atayafanyaje? Zungumzeni usingizi pia. Na pombe: kila gramu ina kalori 7, na waliounganishwa utumbo huipata damuni haraka kuliko zamani, hivyo hatari ya uraibu ni ya kweli.

Kama yote hayo yako sawa, madaktari wanaweza kuangalia kwa endoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, kama kuna kilichobadilika ndani. Zipo pia dawa za sindano kama semaglutaidi na liraglutaidi, ambazo madaktari huwapa hata waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Kuna wanaoona aibu kuzitumia, kana kwamba wanadanganya mtihani. Unene ni ugonjwa sugu, na mwenye shinikizo la damu haombi radhi akiongezewa kidonge cha pili. Angalizo langu ni kwamba zinaua hamu ya kula, kwa hiyo protini inahitaji kulindwa maradufu.

Upasuaji wa pili ningeuweka mwisho kabisa. Kwa kawaida una hatari zaidi kuliko wa kwanza na matokeo yake huwa madogo, na daktari mzuri atataka kuliona daftari lako la saa kabla ya kugusa kisu.