Barua kwa mwanangu: Wakikuuliza kwa nini unataka nyota begani

Bombo, Uganda, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mambo mawili: kwenye usaili wa kadeti, wakikuuliza kwa nini unataka kuwa ofisa ujibu nini? Na je, uwaambie kwamba baba yako alistaafu jeshini akiwa sajini?

La pili jepesi. Wakiuliza, sema. Wasipouliza, nyamaza. Cheo changu hakikuwahi kumfungulia mtu mlango, na sitaki kianze kazi hiyo uzeeni.

La kwanza nimekaa nalo siku tatu. Wenzako watasema "naipenda nchi yangu." Sawa, lakini hata mama wa chapati hapa stendi anaipenda. Mimi nimewapigia saluti vijana wa umri wako, wametoka juzi chuo cha kijeshi cha Kabamba, sare bado inanuka dukani. Wiki haiishi, sisi wa chini tumeshajua yupi ni yupi. Mmoja hakugusa sahani mpaka askari wa mwisho apate posho, yaani ugali, na maharage. Usiku wa mvua alipita handaki kwa handaki akitushika miguu, anatafuta nani kalala na soksi mbichi. Hotuba hakutoa hata moja. Mwingine alizijua bunduki zote kwa majina, ila jina la dereva wake hakulijua.

Kwa hiyo usiwaeleze unavyotaka kuonekana, waeleze unavyoishi na watu. Ile mara maji yalipokatika hosteli, ukapanga zamu za kubeba madumu na zamu mbaya ya alfajiri ukaichukua wewe, simulia hiyo. Usiipambe.

Nasema usiipambe kwa sababu yamenikuta. Nikiwa koplo niliitwa mbele ya jopo kwa ajili ya kozi ya kupanda cheo. Ofisa mmoja akaniuliza kama najua kuogelea. Nikajibu kwa sauti ya gwaride, "Sana, afande!" Mimi, ambaye maji mengi niliyowahi kuingia yalikuwa ya bondeni, yanafika magotini. Akaweka kalamu chini. "Ukiogelea, pumzi unavuta wakati gani?" Nikasema, "Nikichoka, afande." Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Nikarudi kikosini na cheo kilekile. "Sijui, afande, ila niko tayari kujifunza" ingenitosha kabisa.

Ya kusoma, soma. Ujue kwamba Kabamba, huko Mubende, ndiko waasi wa Museveni waliposhambulia tarehe 6 Februari 1981 wakitafuta silaha, wakiwa na bunduki 27 tu, ndiyo maana tuna Tarehe Sita, sikukuu ya jeshi letu. Ujue majeshi yetu yaliingia Somalia mwaka 2007. Ila Katiba, ibara ya 208, usiimbe kama kasuku. Inasema jeshi lisiwe la chama, liwe la taifa zima, liwe na nidhamu, liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Hilo la mwisho ndilo wanaloweza kukugeuzia: maana yake nini kwako? Tafuta mfano wako kabla hujafika. Mimi ningesema bunduki niliyokuwa nabeba haikuwa yangu wala ya mkubwa wangu, ilinunuliwa kwa kodi ya wauza ndizi, na wao ndio wenye kuuliza inafanya nini.

Wakikugeuzia Kiswahili, jibu kwa utulivu. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kambini kilikuwepo tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni Waingereza. Chetu cha kambini kinakanyaga ngeli, nakiri, nawe umekirithi kwangu. Siku hiyo acha "kitu yangu" nyumbani.

Karatasi usinisumbue nazo, unazijua: kitambulisho, vyeti halisi, barua ya LC1, baraza la kijiji. Mwenyekiti wake usimfuate asubuhi ya safari, anakwendaga shambani mapema.

Brashi yangu ya viatu nimempa dereva wa taksi wa hapa mtaani, ataiacha kwa shangazi yako kule Wandegeya, Kampala. Mpini una ufa, nimeufunga kwa waya. Paka dawa usiku, iache ikauke, alfajiri ndiyo upige brashi, visigino kwanza. Watu wengi hung'arisha mbele tu, halafu wakigeuka kutoka chumbani jopo linaona nyuma.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Baba yako