Mgeni akipewa kazi, ujira wangu unashuka?

Barua za wiki hii zimetoka kwa watu wa saiti, jikoni na mashambani. Nimechukua nne.

Saidia fundi, Njiro: Mkandarasi kaleta wageni. Ndiyo maana hela yetu ya siku haipandi?

Kaka, tazama kwanza wanashika kazi gani. Aliyekuja kufunga lifti anakuongezea kazi wewe unayechanganya zege. Akishika koleo kama lako, hapo mnagombania. Mwaka 1980 Wacuba wapatao 125,000 waliondoka bandari ya Mariel kwenda Marekani, na wengi wakabaki Miami. Mchumi David Card alipochunguza, mwaka 1990 akaandika kuwa ujira wa wenyeji wasio na ujuzi haukutikisika. Mwaka 2017 mchumi mwingine, George Borjas, mzaliwa wa Cuba, akarudia hesabu kwa wanaume ambao hawakumaliza sekondari, akaona umeporomoka. Wenzake wakampinga kwamba aliowapima ni wachache mno. Mimi naegemea kwa Card, lakini Borjas kanifunza jambo: wastani wa mji mzima unaweza kutulia huku wa chini kabisa wakiumia. Kwa hiyo hofu yako siiiti wivu.

Mpishi wa hoteli, Moshi: Mpishi mkuu ni mgeni, mwaka wa nne sasa. Akienda likizo napika mimi, mshahara uleule.

Hili linaniuma. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania ashike nafasi hiyo. Kibali cha kazi cha mgeni ni cha miezi 24, na huhuishwa. Niliwahi kuona jiko moja mjini ambamo daftari la vipimo vya mapishi lilifungiwa kabatini, ufunguo mfukoni mwa mkuu. Alipoondoka akaondoka nalo, na hoteli ikaleta mgeni mwingine kwa madai kuwa wenyeji hawajui. Wewe omba kwa maandishi uonyeshwe mpango huo, ubaki na nakala. Wakikaa kimya, nenda kwa afisa kazi.

Mwongoza watalii, Sakina: Na sisi je?

Amri ya serikali ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara ya kuongoza watalii. Ukimwona anayeifanya, toa taarifa.

Mama wa shamba la maua, Usa River: Wakiondolewa wote si mishahara itapanda?

Mama, shikamoo. Marekani ilijaribu. Mpango wa vibarua wa Mexico uitwao Bracero, ulioanza mwaka 1942, ulifungwa mwisho wa 1964 kwa matumaini hayo hayo. Wachumi waliopitia takwimu baadaye hawakuona ujira wa wenyeji ukipanda kwa sababu ya kuufunga. Wenye mashamba ya nyanya California waliingiza mashine za kuvuna, na mazao mengine yaliyotegemea mikono wakayapunguza. Shambani kwenu ningeanza na swali jingine: chama cha wafanyakazi kimesaini mkataba wa hali bora na mwajiri? Kama upo, omba kuusoma ukurasa wa mishahara, uone unaisha lini.