Geuza Pakiti Kabla Hujameza

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, hizi dawa za kichwa za bei nafuu mwili wangu umezikataa. Kichwa changu kinajua jina moja tu." Nilisoma ujumbe ule mara tatu, kwa sababu maneno hayohayo niliyasema mimi kwa miaka sita, na niliyasema kwa kujivuna. Pakiti moja ilikaa kwenye mkoba, nyingine kwenye droo ya ofisini, nyingine kando ya kitanda. Mtu akinipa kidonge cha pakiti nyeupe isiyo na jina la maana, nilikirudisha na kuvumilia maumivu mpaka nifike nyumbani.

Halafu nikapata mafua makali. Kila siku nilimeza dawa yangu ya kichwa, vidonge viwili viwili, mara nne. Juu yake nikanywa dawa ya mafua ya unga, ile ya kukoroga kwenye maji ya moto, pakiti tatu kwa siku. Majina tofauti, rangi tofauti, kampuni tofauti. Kwangu hizo zilikuwa dawa mbili za shida mbili. Siku ya tatu nikarudi duka la dawa kuongeza, na mfamasia, binti mdogo kabisa kwangu, akaniuliza nimeshameza nini. Nilikereka kuulizwa. Nikazitoa pakiti kwenye mkoba na kuziweka mezani. Akazigeuza zote mbili, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma. Huku parasetamoli, na huku parasetamoli.

Tukapiga hesabu palepale. Vidonge nane vya miligramu 500 ni miligramu 4000. Pakiti tatu za unga, kila moja miligramu 1000, ni 3000 nyingine. Nilikuwa nameza 7000 kwa siku, na kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni 4000 kwa saa 24. Vidonge peke yake vilikuwa vimeshanifikisha ukingoni.

Nilipelekwa hospitali siku ileile. Huko ndiko nilikoelezwa jambo ambalo hakuna tangazo lolote lililowahi kuniambia. Ini linapovunjavunja parasetamoli, sehemu ndogo yake hugeuka sumu. Ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo, lakini dozi ikizidi akiba huisha, na sumu huanza kuua seli za ini lenyewe. Kinachotisha ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie kitu. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla hayajapita masaa nane hivi tangu mtu ameze dozi iliyozidi. Mimi nilipimwa damu, nikarudiwa kupimwa, nikapona. Bado inaniuma kwamba miaka yote ile nilinunua, nikalipa, nikafungiwa kwenye mfuko, na hakuna aliyeniuliza swali la yule binti.

Jina kubwa linaficha jina dogo. Hata lugha yetu imezoea: wengi wetu husema panadoli tukimaanisha kidonge chochote cha maumivu. Panadol ni parasetamoli. Tylenol, ambayo Wamarekani wanaijua sana, ni parasetamoli hiyohiyo, ila kwao inaitwa asetaminofeni. Advil na Nurofen zote ni ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu. Ukizijua kwa majina ya kampuni peke yake, utazichanganya siku moja kama nilivyochanganya mimi.

Na usidhani kampuni zina haraka ya kukufafanulia. Nchini Australia, Nurofen iliuzwa kwa pakiti za maumivu ya mgongo, za hedhi, za kipandauso na za kichwa cha mkazo, kwa bei ya karibu mara mbili ya Nurofen ya kawaida. Ndani ya pakiti zote nne kulikuwa na kitu kimoja, kiasi kimoja: ibuprofeni lisini miligramu 342. Mahakama iliamua mwaka 2015 kwamba wateja walipotoshwa, na mwishoni mwa 2016 faini ikapandishwa hadi dola milioni 6 za Australia. Kidonge hakijui mgongo uko wapi. Kinaingia kwenye damu na kwenda mwili mzima.

Lakini dada yangu uliyeniandikia, sisemi unajidanganya. Mwaka 1981 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wanawake 835 wenye maumivu ya kichwa. Waliopewa aspirini yenye jina maarufu walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa ileile kwenye pakiti isiyo na jina. Hata kidonge kisicho na dawa yoyote kilisaidia zaidi kilipovaa jina. Kwa hiyo nafuu unayoisikia ni ya kweli, ila sehemu yake unaitoa kwenye imani yako. Ni kweli pia kwamba baadhi ya vidonge hutengenezwa viyeyuke haraka na vikawahi kidogo kufanya kazi. Hiyo ni sababu halali ya kuchagua. Rangi ya boksi siyo.

Basi geuza pakiti. Soma kiambato na miligramu, ujumlishe na kila kitu kingine ulichomeza siku hiyo, pamoja na dawa ya mafua. Kama ni ibuprofeni au aspirini, kumbuka zinaweza kudhuru tumbo na figo, na watoto wasipewe aspirini bila daktari. Halafu geuza pakiti tena ukibadilisha duka, kwa sababu jina lilelile linaweza kubeba viambato tofauti.

Kuna jambo moja nililichelewa kuliko yote. Daktari hakuniuliza kichwa kinauma kiasi gani, aliniuliza nameza siku ngapi kwa mwezi. Sikujua. Aliniambia ukimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza kichwa. Kwa zile za mchanganyiko, zenye kafeini au kodeini (dawa ya maumivu ambayo mwili huizoea), ni siku 10 tu. Niliacha chini ya uangalizi wake, na wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Yenye kodeini usiiache ghafla bila daktari. Mwezi uliopita nilimeza siku mbili, na nikakumbuka tarehe zote mbili.

Kwa hiyo kabla hatujazungumzia jina lipi mwili wako unalitaka, chukua kalenda, weka alama kila siku unayomeza, na mwezi ukiisha uniandikie: ni siku ngapi?