Maswali ya Wasomaji: Feynman, Hesabu Zake na Ngoma Zake

Barua tatu tulizozipokea zinamhusu mtu mmoja, Richard Feynman (1918–1988), mwanafizikia wa nadharia wa Marekani, na kwa kuwa maswali yenyewe yanashikana, tumeona tuyajibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila anayemtaja Feynman huniambia kwamba alikuwa hodari wa kupiga ngoma. Sijapata mtu wa kunieleza, kwa lugha ninayoielewa, ni kazi gani hasa iliyompatia Tuzo ya Nobeli.

JIBU: Ndugu msomaji, tuzo hiyo aliipata mwaka 1965 pamoja na Julian Schwinger na Sin-Itiro Tomonaga, kwa kazi inayohusu namna elektroni na mwanga vinavyoathiriana. Nadharia ya jambo hilo ilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa makadirio ya kwanza ilitoa majibu mazuri. Lakini kila wataalamu walipotaka usahihi zaidi na kuongeza hatua ya pili ya hesabu, jibu lilitoka kubwa lisilo na kikomo, yaani lisilo na maana. Kisha mwaka 1947 Willis Lamb na Robert Retherford walipima ngazi mbili za nishati ndani ya atomi ya hidrojeni ambazo, kwa mujibu wa mlinganyo wa Dirac, yaani kanuni ya msingi inayoeleza mwenendo wa elektroni, zilipaswa kuwa sawasawa, wakakuta zimepishana kidogo, kwa kiasi kinacholingana na mawimbi ya megahezi 1,000 hivi. Kipimo kikawa kimepatikana, ilhali hesabu ya kukieleza bila kasoro haipo.

Feynman alilikabili tatizo hilo kwa kuchora. Mstari mnyoofu ni elektroni, mstari wa mawimbi ni fotoni, yaani chembe ya mwanga, na nukta ni pale elektroni inapotoa au kupokea fotoni. Chukua elektroni mbili zinazosukumana: mchoro ulio sahili kuliko yote una mistari miwili ya elektroni, fotoni moja inayopita kati yake, na nukta mbili. Kila mstari na kila nukta ina kanuni yake, hivyo anayezijua kanuni hizo huutazama mchoro na kuandika mara moja hesabu ambayo hapo awali ingemlazimu kujaza kurasa. Mchoro wa ngazi inayofuata una nukta nne, na kwa kuwa kila jozi ya nukta inayoongezeka huupunguza mchango wa mchoro hadi takriban sehemu moja ya 137, michoro michache ya mwanzo inatosha kutoa jibu sahihi mno. Ama yale majibu yasiyo na kikomo, hayakufutwa kiholela. Yalikusanywa na kuingizwa katika tungamo na chaji ya elektroni, ambavyo thamani zake huchukuliwa kutoka maabara, si kutoka katika nadharia.

Kazi hiyo haikupokewa kwa vigelegele. Katika mkutano wa wanafizikia uliofanyika Pocono, Marekani, mwaka 1948 Feynman aliieleza mbele ya wakubwa wa fizikia, Niels Bohr akiwamo, na hawakumwelewa. Ilibidi mwanafizikia Freeman Dyson aonyeshe, katika makala aliyoichapisha mwaka 1949, kwamba michoro ya Feynman na hesabu ndefu za Schwinger na Tomonaga zinasema jambo moja. Leo nguvu ya sumaku ya elektroni, ambayo kwa mlinganyo wa Dirac peke yake ingekuwa 1 kamili katika kipimo chake, inakokotolewa kwa njia hii kuwa 1.001159652, na majaribio yanatoa tarakimu hizohizo na nyingine zaidi baada yake. Kwa maoni yangu hili ndilo linalopaswa kutangulia jina la Feynman linapotajwa.

SWALI: Wako wanaosema kwamba mwanasayansi asiye na sanaa hupungukiwa na ubunifu, na Feynman ndiye hutolewa mfano. Je, ngoma na uchoraji ndivyo vilivyomfungulia milango ya fizikia?

JIBU: Hapana, na yeye mwenyewe asingekubali. Katika miaka ya 1960 mchapishaji mmoja wa ensaiklopidia nchini Sweden alimwomba picha akiwa anapiga ngoma, ili somo gumu lipate sura ya kibinadamu. Feynman alimjibu kwa ukali kwamba fizikia ya nadharia ni kazi ya binadamu, tena miongoni mwa kazi za juu kabisa alizozifikia, na kwamba kule kutaka kila mara kuthibitisha utu wa wanafizikia kwa kuonyesha kuwa wanafanya mambo mengine kama kupiga ngoma kulikuwa kunamtusi. Nakubaliana naye kabisa. Mtu anayekesha na hesabu, akafuta na kuandika upya, akakata tamaa na kufurahi kama mtunga mashairi anayeusaka mshororo, hahitaji ngoma ili ahesabiwe kuwa mtu.

Mapenzi yake ya nje ya sayansi yanastahili kutazamwa kwa thamani yake yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akifundisha Rio de Janeiro, alijiunga na kikundi cha samba akipiga frigideira, kikaango kidogo cha chuma kinachopigwa kwa kijiti, akavumilia mazoezi na wenzake mpaka akaandamana nao kwenye karnivali. Kuchora alijifunza ukubwani, kwa makubaliano na rafiki yake msanii Jirayr Zorthian kwamba Jumapili moja afundishwe kuchora na Jumapili inayofuata yeye afundishe fizikia. Na michoro yake aliitia saini kwa jina la Ofey, ili isisifiwe kwa sababu tu imechorwa na profesa wa fizikia.

Linalonivutia mimi zaidi ni la Wamaya, watu wa Amerika ya Kati. Akiwa safarini katika nchi zao alinunua nakala ya Kodeksi ya Dresden, kitabu chao cha kale chenye hesabu za sayari, iliyochapishwa pamoja na maelezo ya Kihispania. Aliyafunika maelezo hayo, akaanza kujisomea tarakimu mwenyewe: nukta ni moja, mstari ni tano. Akaiona 584 ikijitokeza, kisha 2,920. Igawe 2,920 kwa 584, unapata 5. Igawe kwa 365, unapata 8. Zuhura huirudia nafasi yake, ukiilinganisha na Jua, kila baada ya siku 583.92 kwa wastani, kwa hiyo mizunguko yake mitano inakaribia sana miaka minane. Wataalamu walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo, naye hakudai ugunduzi. Alitaka kulifikia kwa akili yake.

Wengi pia huitaja ile sahani. Baada ya vita, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, Feynman alikuwa amemzika mkewe Arline na kujiona amekauka kimawazo, akaamua kuifanya fizikia kwa kujifurahisha tu. Katika mkahawa wa chuo mtu alirusha sahani juu, naye akaona inayumba huku ikizunguka, akakokotoa uwiano wa miendo hiyo miwili (sahani bapa huyumba mara mbili kwa kila mzunguko mmoja, ingawa yeye alipoisimulia baadaye aliugeuza uwiano huo). Mwanafizikia mwenzake Hans Bethe alimwuliza hesabu hiyo ina umuhimu gani, akajibiwa kuwa haina. Kutoka hapo Feynman alihamia kwenye mzunguko wa elektroni, na akajikuta amerudi kwenye tatizo lake la zamani, lile la elektroni na mwanga. Angalia basi kwamba hata siku hiyo hakupumzishwa na sanaa. Aliponywa na fizikia yenyewe.

SWALI: Nilisoma hesabu kidogo tu. Nianzie wapi nikitaka kumsoma Feynman mwenyewe?

JIBU: Mihadhara aliyowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili huko Caltech, chuo cha teknolojia cha California, kati ya 1961 na 1963 ilichapishwa katika juzuu tatu, na yote inasomwa bure kwenye intaneti. Usianze na juzuu ya kwanza kwa kuwa tu ni ya kwanza. Fungua sura ya kwanza ya juzuu ya tatu, anapoeleza kinachotokea elektroni zinapopelekwa moja moja kwenye ukuta wenye matundu mawili. Hesabu zake ni chache, na utamwona akifikiri hatua kwa hatua. Soma ukiwa na karatasi na kalamu, na kila anapotaja jaribio, jaribu kutabiri matokeo kabla hujaendelea na aya inayofuata.